Mwacheni mnunuzi aje mvua ikinyesha



Kila mwaka mvua za Februari zikianza kupiga, na simu za kazi zinaanza. "Uko na siku mbili? Kuko nyumba ya kupaka rangi hapa Taba, mwenyewe anauza." Wengi humu kundini tumeshaifanya hiyo kazi. Diploma zetu za Kongo ziko kwenye bahasha, lakini brashi hakuna anayekuuliza uliisomea wapi. Unafika asubuhi unakuta ukuta umelowa kutoka chini mpaka usawa wa goti. Unaambiwa piga rangi haraka, mnunuzi anakuja saa tisa. Na ule ufa wa chumba cha watoto? "Leteni kabati, liwekeni pale."

Leo nataka kuongea juu ya lile kabati. Maoni yangu nayasema mapema, ili anayetaka kukasirika akasirike mapema: nyumba ya Gihosha inayouzwa wakati wa mvua iandaliwe kwa ajili ya mvua, isiandaliwe kwa ajili ya kumpumbaza mnunuzi. Na sisi tunaoitwa kuiandaa tuikatae ile sehemu ya kazi ambayo ni kuficha tu.

Nianze mbali kidogo, nitarudi. Nina kaka wa ukoo (mtoto wa baba mdogo, kwetu huyo ni kaka, hakuna cha binamu) ambaye yuko Portland, jimbo la Maine, kule Marekani. Wakongomani na Warundi wako wengi pale. Mnakumbuka mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao wa Kongo na Angola, walivyofikia Portland mpaka wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo. Sasa kaka yangu kazi yake ya Januari inafanana na yetu ya Februari: anaitwa kutayarisha nyumba zinazouzwa. Tofauti ni kwamba sisi tunapigana na maji na yeye anapigana na maji yaliyoganda. Kuna usiku kule baridi inashuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nikamuuliza kwenye simu, bana, nani anauza nyumba katika hali hiyo? Si wangojee jua? Akacheka. Akasema watu wanauza kwa sababu ya talaka, kazi imehama, mzee amefariki, deni la benki. Shida haingojei maua yachanue. Ni kweli masika yao ndio msimu wa soko, lakini anayetafuta nyumba Januari naye hayuko kwenye matembezi. Ana haja kweli.

Na kazi yenyewe ikoje? Alfajiri anashika koleo, anaondoa theluji kwenye njia ya gari na ngazi za mlangoni, halafu anamwaga chumvi au mchanga ili mgeni asiteleze. Theluji ikianguka tena saa nne, anarudia. Ndani, mashine ya kupasha joto inawashwa mapema, nyumba ifike kama nyuzi 20 kabla ya watu kuingia, kwa sababu mtu anayetetemeka haangalii chumba, anaangalia mlango wa kutokea. Kizingitini anaweka zulia la kukanyagia na kiti cha kuvulia viatu, maana kila anayeingia analeta matope ya theluji. Mwisho wa Desemba jua linazama saa kumi jioni na dakika chache tu, kwa hiyo wageni wanaalikwa mchana, mapazia yakiwa wazi na taa zote zimewashwa. Bustani iko chini ya theluji, basi mwenye nyumba anaweka mezani picha zake za Julai.

Hayo ni mapambo, tuseme. Kilichonishangaza ni yale mengine. Kama nyumba haina mtu, hawathubutu kuzima joto kabisa ili kubana matumizi. Wanaliacha angalau nyuzi 13, na kwenye baridi kali bomba lililo kwenye ukuta wa nje linaachwa lidondoshe tone tone. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na bomba linapasuka. Hulioni likipasuka. Unaliona barafu ikiyeyuka na dari ikianguka. Halafu kuna vile visu vya barafu vinavyoning'inia kwenye ukingo wa paa, tunaviona kwenye filamu tunasema ni vizuri. Kumbe mnunuzi mwerevu akiviona vingi anakunja uso. Maana yake joto la ndani linavuja kupitia darini, linayeyusha theluji ya juu, maji yanashuka yanaganda tena pembeni, na yale yanayofuata yanakosa njia yanaingia chini ya paa. Kwa hiyo baridi inasema siri za nyumba ambazo Julai haizisemi.

Tena kule muuzaji hana ruhusa ya kunyamaza tu. Sheria ya Maine inamtaka ampe mnunuzi maelezo kwa maandishi: maji yanatoka wapi, nyumba inapashwa joto kwa kitu gani, maji machafu yanakwenda wapi, kasoro gani anazijua. Nyumba nyingi za Maine zinatumia mafuta ya kuchoma kwa ajili ya joto, basi mnunuzi anaomba risiti za mafuta za miaka iliyopita. Na kwa kawaida anamlipa mkaguzi, anaingia darini na tochi, anashuka chini kwenye msingi, anaandika ripoti.

Sasa turudi Gihosha. Sisi mkaguzi wetu ni nani?

Ni mvua. Hatuna mwingine. Sheria ya Burundi nayo, kama zilivyo zile zilizorithiwa kwa Wabelgiji, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro alizozificha. Lakini wewe unajua na mimi najua: nani ana pesa na miaka ya kwenda mahakamani kwa sababu ya ukuta? Mtu akilipa, amelipa. Ndiyo maana komisyoneri (dalali, kwa wanaotusoma kutoka Dar) anapomwambia mwenye nyumba "subiri mu ci, Juni au Julai, uuze vizuri", mimi sisikii ushauri wa biashara pale. Nasikia mtu anamfukuza mkaguzi.

Julai kila nyumba ya Gihosha ni nzuri. Vumbi kidogo, upepo wa ziwa jioni, mtu anasimama uani anaona Tanganyika kule chini na milima ya Uvira ng'ambo, anasema hapa ndipo. Haoni kwamba hatua chache nyuma ya jiko ardhi inaishia. Korongo la Julai ni kavu, watoto wanacheza mpira ndani. Mnunuzi anadhani ni njia.

Mtu wa hapa anajua. Mto Ntahangwa umekuwa ukila kingo zake kwa miaka, upande wa Mutanga Nord na upande wa Mugoboka, mpaka kuna nyumba zilizobaki zikining'inia na nyingine zimekwenda. Serikali na Umoja wa Mataifa wameweka mawe ndani ya vikapu vya waya sehemu kadhaa ili kuzuia. Nyabagere nao una tabia zake. Kila makorongo madogo yanayoshuka kutoka vilima vya juu yanakusanya maji ya mapaa, ya barabara za mawe, ya nyua zilizopigwa simenti, na udongo wa huku si mwamba, ukiukata unakatika kama mkate. Juu yake kuna watu wanaochimba mchanga na mawe ya kujengea humo humo mtoni, kwa sababu nao wanatafuta chakula.

Na usiku wa tarehe 9 Februari 2014 sitaki tuusahau, hata sisi ambao tulikuwa bado hatujafika hapa. Mvua ya usiku mmoja iliteremka kwenye mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, watu zaidi ya 60 walikufa, nyumba za matofali mabichi zikalala chini na wenyewe ndani. Ukimuuliza mama yeyote wa Kamenge atakuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi. Nyumba zilizobaki zikapakwa rangi. Zingine ziliuzwa.

Kwa nani? Hapo ndipo roho inaniuma. Mwenyeji aliyezaliwa huku hainunui wala haipangi nyumba ya kwenye ukingo bila kuuliza majirani kwanza. Anayeichukua haraka ni yule aliyefika jana. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi, wengi wakipitia mto Rusizi, na waliokuwa na ndugu mjini wakaja mjini. Mtu wa namna hiyo ana mfuko wa nguo na watoto wanne, akipata chumba chenye rangi mpya anashukuru Mungu, anaingia. Na wachache wetu waliojaliwa kununua paseli, pesa imetoka kwa kaka wa Portland ambaye hajakanyaga hapa, ameiona nyumba kwenye video ya WhatsApp. Video iliyopigwa Julai.

Yani nikiweka kabati mbele ya ufa, mtu ninayemfichia ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu wa kwetu.

Nimesikia majibu ya wenzangu, na sio ya kupuuza. La kwanza: "Wewe ni kibarua, sio mwenye nyumba. Ukikataa, wataita mwingine." Kweli. Lakini angalia hesabu ya kazi yenyewe. Kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa ni kazi ya siku moja na nusu, na wiki tatu baadaye rangi inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Unyevu hauwezi kutoka, umeufungia. Fundi anayejua anamwambia mwenye nyumba: papa, tuanze nje. Maji yanatoka wapi? Na hapo kazi inakuwa ya siku tano au sita, na vijana watatu badala ya mmoja.

Kwa sababu, jamani, kuandaa nyumba kwa mvua ni kazi kubwa kweli. Chukua paa la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 40 ikipiga, na si ajabu kwa alasiri moja hapa, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000. Mapipa 20 ya lita 200. Kama hakuna mfereji wa bati pembeni mwa paa, mapipa hayo yote yanaanguka kwenye mguu wa ukuta, yanarusha tope mpaka dirishani, yanalowesha msingi. Kwa hiyo kwanza mfereji, kisha bomba la kuteremshia, kisha tangi, na tangi likijaa maji yaende kwenye shimo lenye mawe yakazame polepole, sio kwa jirani wa chini na sio kwenye korongo. Ukimwaga maji yako kwenye ukingo wa korongo nyuma ya nyumba yako unajichimbia mwenyewe. Nimeona watu wameweka bomba zuri la plastiki, limetoka bafuni moja kwa moja hadi ukingoni. Wanaona wamefanya usafi!

Halafu mabati. Mtu apande asubuhi ya jua, mwingine abaki ndani gizani, aseme anaona mwanga wapi. Kila nukta ya mwanga ni ndoo moja ya usiku. Misumari iliyolegea ibadilishwe, matundu yazibwe na gudroni. Shimo la choo nalo liangaliwe, maana wakati wa mvua ndipo linapojaa na kusema. Njia ya kuingilia iwekwe kokoto au mawe bapa, mgeni afike mlangoni na viatu vyake; hili kaka yangu na chumvi yake angelielewa bila kutafsiriwa. Ndani fungua madirisha kila mvua ikikatika. Choma mkaa nje. Nyumba iliyofungwa siku tatu za mvua inanuka nguo mbichi, na pua ya mnunuzi haifunikwi na kabati.

Rangi ije mwisho, na kama ukuta bado una unyevu, bora chokaa. Chokaa inapumua. Ule unga mweupe kama chumvi unaotoka chini ya ukuta usiupake, upige brashi kavu, tafuta maji yanapanda kutoka wapi.

Nyufa sasa. Si kila ufa ni msiba, na hili tuwaambie wauzaji, kwa sababu wengine wanaficha ufa ambao hata haukuwa wa kufichwa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta yenyewe imekauka vibaya. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingiza sarafu, huo ni mwingine. Na kuna namna ya kuuhoji ambayo mafundi wazee wanaijua: paka plasta nyembamba ya jasi, upana wa kiganja, ikikatiza ufa, andika tarehe juu yake kwa penseli. Mvua zinyeshe. Ile plasta ikibaki nzima mwezi mmoja, miwili, ukuta umetulia, ni ufa wa zamani, na sasa una ushahidi wa kumwonyesha mnunuzi. Ikipasuka, nyumba inatembea. Gharama yake ni kikombe cha jasi. Kabati ni ghali zaidi.

Vivyo hivyo ukingo wa korongo. Pima kutoka kona ya nyumba hadi ukingo, kabla ya mvua na baada ya mvua, andika. Piga picha ukiwa umesimama mahali pale pale kila mara, simu inaweka tarehe yenyewe. Mwenye nyumba mwenye picha za Aprili tatu mfululizo, ukingo uko pale pale, ana kitu cha kuuza ambacho jirani yake mwenye rangi mpya hana. Na ambaye picha zake zinaonyesha ukingo unasogea? Basi huyo kwanza asilaze watoto kile chumba cha nyuma. Habari ya kuuza ije baadaye.

Jibu la pili ninalolisikia ni la bei. "Ukimwonyesha mnunuzi kasoro, atakukata." Atakukata, ndiyo. Lakini hapa kwetu nyumba mara nyingi hailipwi kwa mara moja. Kuna pesa ya kwanza, halafu nyingine baada ya miezi, halafu kamilisho. Nyumba uliyoiuza Julai kwa maneno matamu, awamu ya pili inadaiwa Novemba, na Novemba mvua imesharudi. Sasa mnunuzi ana ndoo tatu sebuleni na ana nusu ya pesa yako mfukoni mwake. Unadhani atakupa? Hapo ndipo kesi zinapoanza, na wazee wa mtaa wanaitwa, na jina la mtu linaharibika. Aliyekuja Machi akakaa sebuleni saa nzima mvua ikipiga juu ya mabati, mkazungumza kwa kupayuka kwa sababu ya kelele, akaona maji yanapita kwenye mfereji yanaingia tangini, huyo atakubishia bei ya milango, atakubishia bei ya geti. Msingi hataugusa tena.

Karatasi sitazisemea sana, wengi mnazijua kuliko mimi: hati ya ardhi, mkataba mbele ya notari, mashahidi, na kwa nyumba iliyoandikwa jina la rafiki Mrundi kwa sababu mwenyewe ni mkimbizi, hilo limalizwe kabla hata ya kununua rangi. Ziwekwe kwenye plastiki. Ajabu ni nyumba ngapi zina hati iliyoliwa na unyevu kwenye sanduku chini ya kitanda.

Jibu la tatu ni gumu zaidi, ni la wapangaji, maana wengi wetu ndio hivyo, hatuna nyumba ya kuuza. Nyumba inauzwa na sisi tukiwa ndani. Mwenyewe anakuja anasema, kesho kuna wageni, ficheni ndoo, ondoeni ile turubai, mkiulizwa semeni hakuna shida. Na wewe una deni la kodi la miezi miwili. Nani atamlaumu mama anayesema "hakuna shida"? Mimi simlaumu. Nasema tu, pale unapoweza, ndoo ibaki pale ilipo. Huna haja ya kutoa hotuba. Mnunuzi mwenye macho ataiona ndoo, atatazama juu. Ukiulizwa na mtu mzima mwenzako "maji yanaingia?", mwambie yanaingia upande gani na kwa mvua ya namna gani, kwa heshima, bila kumsema mwenye nyumba. Tena mara nyingi huyo mnunuzi ndiye atakuwa mwenye nyumba wako mwezi ujao. Afadhali aanze akijua kwamba paa linahitaji mabati sita kuliko aanze akidhani mmelitoboa ninyi.

Niseme na jambo moja kwa familia zenye faili za kusafiri, kwa sababu haraka yao ndiyo inayozaa uuzaji mbaya kuliko wote. Simu ya safari inaita Februari, unauza mvua ikinyesha, kwa bei ya mtu anayezama. Lakini kumbukeni Januari 2025. Tarehe 20 rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na ndani ya siku chache safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tarehe mkononi. Kote duniani kuna familia zilizokuwa zimeshauza vitanda, sufuria, na waliokuwa na nyumba, nyumba. Kwa hiyo kuitayarisha nyumba ni leo, hata kama huuzi: mfereji, shimo la maji, plasta yenye tarehe, picha za ukingo. Hivyo vyote vinakufaa ukibaki na vinakufaa ukiondoka. Kukabidhi funguo ni jambo lingine, hilo liache mpaka miguu iko karibu na ngazi ya ndege.

Kuna atakayesema naandika kama mtu asiyejua njaa. Aulize tulikula nini jana. Rangi nitaendelea kupaka, na simu zikiita nitaitika. Ila nimeshamwambia komisyoneri anayenipigia kwamba makabati sihamishi tena, na kwamba nikiitwa nyumba yenye unyevu naanzia nje. Mara ya kwanza alikata simu. Mara ya pili aliuliza mfereji wa bati unagharimu kiasi gani kwa mita.

Kitu kimoja tunaweza kukianza bila pesa ya mtu. Mvua kubwa za Aprili bado. Jumamosi hii, kama haitanyesha asubuhi, nataka tupite nyumba za wanakundi zilizo karibu na Nyabagere, tupime kutoka kona ya kila nyumba hadi ukingo, tuandike kwenye daftari moja, turudi Juni tupime tena. Turuhusiwe kwanza na wenye nyumba, na wasioruhusu tusiwasumbue. Daftari lipo, penseli ipo. Futi niliyo nayo ni ya mita 5 na haifiki kila mahali. Nani ana ya mita 20?